Kulipeleka Darasa Katika Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, yana mafunzo mengi ya jiografia na sayansi. Hata hivyo, wengi wetu huwapeleka watoto huko wakarudi na hadithi tu. Kiongozi wa mapango husimulia, tena kwa ufasaha, kwamba njia fulani hufika Mombasa. Lakini upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi.

Tulipofuatana na wanachuo wetu pamoja na darasa la tano, mtoto mmoja alituuliza humo gizani: "Mwalimu, nani aliyefika?" Hatukuwa na jibu, kwani hatukujiandaa.

Tangu hapo twaanzia shuleni. Twadondosha siki juu ya jiwe la chokaa, watoto waone povu. Ndipo waelewapo jinsi maji ya mvua, yaliyochanganyika na kabonidioksaidi na kuwa asidi hafifu, yalivyouyeyusha mwamba pole pole, na jinsi chokaa hiyo inavyoganda tena pale maji yanapodondoka, ikawa nguzo zinazoning'inia.

Kila daftari huwa na kurasa mbili: "Nimeona" na "Nimeambiwa". Hadithi isifutwe, iandikwe mahali pake. Wala kiongozi asikatizwe mbele ya watoto. (Kurunzi ziwe za kutosha, na watoto wahesabiwe kila njia igawanyikapo.)

Kesho yake darasa huchukua kamba ya mita 10 na kuilaza barabarani mara 90.