Aikoni Ikikosekana: Somo la Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Leo nataka tuone jinsi tarakilishi inavyoifuata methali hii, na mahali ambapo ingefaa iikatae.

Muhula uliopita tulikuwa tukipiga chapa mashairi ya chama katika maabara yetu hapa Thika. Tarakilishi zetu hutumia Linux. Mwenzetu mmoja aliipamba moja kwa mandhari mapya, yaani seti nzima ya aikoni, vile vipicha vidogo vya faili, printa na pipa la taka. Vilipendeza kweli kweli! Ijumaa moja faili la mashairi likapotea. Tulitafuta hadi tukatokwa na jasho.

"Mmeangalia kwenye pipa?" mwalimu mlezi akauliza.

"Pipa ni tupu, Mwalimu, si unaliona?" nikajibu, nikikionyesha kile kipicha.

Basi tukaanza kuandika upya. Mwenzetu mwingine, ambaye hakuwa na nakala ya shairi lake, akaanza kulia. Mwalimu akalifungua pipa hivyo hivyo. Kumbe faili lilikuwa humo!

Mbona kipicha kilitudanganya? Mwaka wa 2000 ulianzishwa mradi uitwao freedesktop.org, ili programu za Linux zinazotengenezwa na watu mbalimbali, kama vile GNOME na KDE, zipatane. Baadhi ya makubaliano yake yanahusu aikoni. Programu haiombi picha fulani. Hutaja jina tu, na mandhari ndiyo yanayotoa picha. Ni kama matatu zetu. Kila moja ina michoro yake, lakini 237 ni ya Thika na 145 ni ya Ruiru. Michoro ni ya mwenye gari, namba ni ya wote.

Jina likikosa picha, tarakilishi hutafuta kwa hatua hizi:

1. Hutazama mandhari uliyoyachagua.
2. Ikikosa, huenda kwa mandhari mzazi, yaliyotajwa kwenye mstari wa Inherits katika faili liitwalo index.theme.
3. Mwisho hufika kwa babu wa wote, aitwaye hicolor. Humo kila programu hutakiwa iweke aikoni yake, angalau moja ya piseli 48 kwa 48.

Tena majina yenyewe yana vistari. Jina input-mouse-usb ni la kipanya cha aina moja. Ukikata mwisho wake unapata input-mouse, yaani kipanya chochote. Ukiwa Ruiru unaenda Thika na ukose 237, unaweza kupanda gari linaloishia Juja. Hujafika, lakini uko kwenye barabara ile ile. Hapo hakuna ubaya.

Tatizo ni hili. Makubaliano yasema kwamba picha mahususi ikikosekana katika mandhari yako, hata kama mzazi anayo, itumiwe kwanza picha ya jumla ya mandhari yako, ili sura zifanane. Hapo ndipo tuliponaswa. Mandhari yetu yalikuwa na user-trash, yaani pipa, lakini hayakuwa na user-trash-full, yaani pipa lenye kitu. Mzazi alikuwa nayo ila hakuulizwa! Neno la mwisho likakatwa, na pipa lenye mashairi yetu likaonekana tupu. Vivyo hivyo printer-error, alama ya printa yenye hitilafu, inaweza kugeuka printer tu, nawe ukabaki ukingoja karatasi isiyokuja.

Kwa maoni yangu, tutofautishe kitu na hali. Kipanya cha aina yoyote ni kipanya. Ukifupisha jina lake, maana inabaki. Lakini ukikata hali, umekata habari yenyewe. Kwa hivyo jina la hali litafutwe kwanza kwa mzazi na kwa babu, hata kama sura hazitafanana. Kiraka cha rangi nyingine ni afadhali kuliko tundu lililofichwa. Na picha ikikosekana kabisa, ionyeshwe alama ya kukosekana, na jina la kitu liachwe chini yake lisomeke.

Wachoraji wa mandhari nao wachore pipa tupu na pipa lenye kitu kwa pamoja, na wasisahau ule mstari wa Inherits. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Shime basi, wanafunzi wenzangu! Kabla hamjakata tamaa, fungueni pipa mwone. Mashairi yale yamo katika gazeti hili, na lile la mwenzetu aliyelia limo pia.