Plasta Imetolewa, Mbona Mguu Bado Mgumu?

Swali: Mtaalamu, nilivunjika kifundo cha mguu kwenye ajali ya bodaboda. Plasta imetolewa baada ya wiki 6, lakini mguu umekonda, unavimba jioni, na mazoezi ya fiziotherapia yanauma. Jirani ananishauri niende kwa mkandaji. Je, niendelee?

Jibu: Pole sana, na endelea. Mfupa ukiunga, kazi inabaki: misuli iliyolala ndani ya plasta husinyaa na kiungo hukakamaa. Kuvimba jioni ni kawaida, tena huweza kuchukua miezi. Lala chali, mguu uwe juu ya mito.

Maumivu ya wastani yanayotulia kabla ya kesho yake yanavumilika. Ukiamka unaumwa kuliko jana, umezidisha: punguza, usiache. Kliniki unakwenda kupimwa na kufundishwa. Tiba yenyewe iko nyumbani, kuvuta unyayo kuja kwako kwa kanga na kuzungusha kifundo, mara kadhaa kwa siku. Wengi huja wakidhani mashine ya umeme ndiyo itakayowaponya. Wapi!

Ukiruhusiwa kutumia gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu.

Mkandaji asubiri, kwani kukandwa kwa nguvu kunaweza kuudhuru mfupa ambao bado mchanga. Na shavu la mguu likiuma, likavimba na kuwa la moto, usilichue hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda. Nenda hospitali siku hiyohiyo.