"Bei nafuu" kwa nani? Neno moja katika mipango ya makazi

Katika zoezi la istilahi nilipewa kazi ya kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyozungumzia makazi. Nilichagua Kenya, ambako neno "nyumba za bei nafuu" limefika hadi kwenye hati ya mshahara: kwa sheria ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri huongeza kiasi kilekile.

Tuchukue kaunti ya Kiambu, jirani ya Nairobi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282. Ile ya 2019, watu 2,417,735. Afisa wa mipango akiwaandikia hao wote "tutajenga nyumba za bei nafuu", amesema nini? Nafuu imeshikamana na bei, na bei ni ya nyumba. Mkaaji hayumo katika sentensi. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe inaanza na mtu: nyumba za jamii ni za mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu ni za mwenye kipato cha kuanzia hapo hadi 149,000. Basi mwenye 25,000 na mwenye 140,000 wamewekwa chini ya jina moja.

Mwenzangu darasani alipendekeza "nyumba zinazomudika". Nilikubali upesi mno. Kauli ya kutendeka haipokei mtenda: husema "nyumba ilijengwa na fundi", lakini husemi "nyumba ilijengeka na fundi". Kwa hiyo "inayomudika" nayo inamficha mtu, tena kwa ustadi zaidi. Kitenzi "kumudu" katika kauli ya kutenda ndicho kinachodai kiima. Ningeandika katika mpango: "Mwenye kipato cha 25,000 anazimudu nyumba ngapi kati ya hizi?" Sentensi ni ndefu, naam, lakini jibu lake ni hesabu.

Jambo hili halikunijia vitabuni tu. Hapa Lubumbashi, mwaka jana, nilitafuta chumba. Sheria yetu ya tarehe 31 Desemba 2015 inaruhusu garanti isiyozidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, yote kwa mara moja. "Lakini bei ni nafuu, mwanangu," aliniambia. Alisema kweli, kodi ya mwezi ilikuwa ndogo. Sikuimudu.