Saratani ya Damu: Je, Imekwisha Kweli?

Umewahi kulima shamba lenye ndago? Leo unalisafisha, linapendeza. Mvua ikinyesha tu, hizo zimerudi! Vizizi vilibaki chini. Leukemia, yaani saratani ya damu, nayo ina tabia hiyo.

Wagonjwa wengine hupandikizwa seli shina. Kwanza hupewa dawa kali, pengine na mionzi, ili kuua seli mbovu kwenye uboho. Halafu hutiwa seli za mchangiaji, nazo huanza kutengeneza damu mpya.

Basi, kapona? Subiri kwanza! Kwa hadubini, mtaalamu hukagua seli mia chache tu. Seli mbovu ikiwa 1 kati ya 10,000, ataionaje? Ndiyo maana kuna kipimo cha PCR. Katika aina moja ya leukemia, kromosomu namba 9 na 22 hubadilishana vipande, ikatokea jeni mbovu iitwayo BCR-ABL. PCR hunakili alama za jeni hiyo mara nyingi mpaka ionekane, hata kama seli mbovu ni 1 kati ya 100,000.

Kipimo hurudiwa kila baada ya miezi michache. Kiwango kikipanda, madaktari huwahi: hutoa dawa, au humwongezea mgonjwa chembe nyeupe za mchangiaji zishambulie seli mbovu. Anayetoroka kliniki kwa sababu anajisikia mzima hujinyima nafasi hiyo.

Kumbuka: kutoonekana siyo kwisha.

Zoezi: Seli mbovu ikiwa 1 kati ya 10,000, utarajie kuona ngapi ukikagua seli 500? Jadilini darasani.