SOMO: TEMBE YA KWIHARA NA WALE WALIOBEBA

Soma kwanza: Kutoka 13:19 na Yoshua 24:32



Mwendo mfupi tu kutoka mjini Tabora tunafika Kwihara, mahali ilipo nyumba ya tembe ambayo watoto wetu wa shule hupelekwa kuitazama. Kuta zake ni nene, za udongo. Paa lake ni bapa. Milango yake ni ya nakshi kama ile ya pwani. Ingawa ilijengwa upya baadaye, yatuonyesha jinsi wafanyabiashara wa Unyanyembe walivyokaa zamani, misafara ilipotoka Bagamoyo kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi, kisha njia zikagawanyika hapa, nyingine kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wala tusifiche: mali iliyojenga nyumba hizo ilitokana na pembe za ndovu na watumwa.

Nyumba hii twaiita ya Livingstone. Lakini yeye alikuwa mgeni tu. Aliazimwa na liwali wa Waarabu, akakaa tangu Februari hata tarehe 25 Agosti 1872, akingoja wapagazi. Jambo tunalotaka kujifunza lilitokea hapa mwaka uliofuata.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake wakafanya shauri. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kuelekea pwani. Viongozi wao walikuwa Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akalelewa na wamisionari wa kanisa letu huko Magomero. Pamoja nao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko India, na Halima, mpishi.

Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Katika tembe ile ile walimkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Naye akawashauri wamzike papa hapa, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Shauri lile halikuwa baya, na lilitoka kwa mtu mwenye cheo. Nani angewalaumu kama wangelikubali? Lakini walikataa. Hata wenyeji wa njiani walipopinga maiti isipite kwao, waliufunga mwili ufanane na mzigo wa nguo, wakaendelea. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa.

Huko walilipwa ujira wao wakaachwa. Ni Jacob peke yake aliyesafiri na mwili, akahudhuria mazishi ya London tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886, akaitwa David, akafariki mwaka 1891.

Tunasoma kwamba Musa aliichukua mifupa ya Yusufu, nayo ikazikwa Shekemu. Jina la Musa tunalijua. Lakini Musa hakufika Kanaani. Wengine ndio waliobeba miaka yote ile jangwani, na majina yao hayakuandikwa. Bwana anayajua.

Sisi tuliofundisha shuleni miaka mingi tuna deni hapa. Tuliwakaririsha watoto jina la mgeni, hatukuwakaririsha majina ya waliombeba. Na katika parishi zetu hali ni hiyo hiyo. Jina la askofu aliyeweka jiwe la msingi limechongwa ukutani. Je, majina ya waliofyatua matofali na ya akina mama walioteka maji ya kukandia udongo yako wapi? Wazee wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini ilikuwa vigumu kulikataa shauri la Cameron?

2. Ni mzigo gani tuliopewa na Mungu ambao tumeshawishika kuutua kabla ya kufika?

3. Ni nani walijenga kanisa la mtaa wenu? Waulizeni wazee, andikeni majina katika daftari, mkamkabidhi katibu wa parishi. Mkifanya hivyo kabla ya mvua kuanza, mtakuwa mmelitenda somo hili, si kulisoma tu.