Dondoo muhimu: Ndege wa bwawani Mpui, msimu wa radi

Ufipa, ilipo Mpui, hupata mvua Novemba hadi Aprili, na mara nyingi wingu hupasuka mchana. Mtazamaji awahi bwawani alfajiri, darubini ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Korongo weupe wa Ulaya huja Tanzania miezi hiyohiyo kufuata panzi na viwavi, kwa hiyo mashamba yasirukwe.

Uwanda wa Mpui una miti michache. Aliyesimama wima ndiye mrefu kuliko vyote. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30 tangu mwanga uonekane, radi iko karibu, kama kilomita 10 hivi. Akimbilie nyumba imara au gari lililofungwa vioo, si chini ya mkaratusi! Asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Gumbuti ni lazima: tope la huko humeza kandambili.