Ndege za Kivita Juu ya Majani Chai

Somo: 2 Wafalme 6:8–23. Soma pia Ayubu 39:19–25 na Isaya 31:1–3.

Somo hili nililifundisha Jumapili iliyopita, lakini mvua ilipiga mabati tukashindwa kusikizana kuanzia katikati, na wengi mkaomba lichapishwe. Basi lisome polepole, Biblia ikiwa mkononi.

Nilianza kwa kuuliza ni nani alikuwa hapa Litein Oktoba 2023, juma lile sikukuu ya Mashujaa ilifanyiwa Kericho. Karibu mikono yote ikainuka. Mnakumbuka. Tulikuwa kwenye majani, vikapu mgongoni, hakuna mtu alikuwa ametuambia chochote. Kwanza ukasikika mngurumo kama wa lori zito linapanda kilima. Halafu ikawa kama mtu anapasua turubai kubwa juu mawinguni. Sisi sote tukatazama pale sauti ilipokuwa, na pale hapakuwa na kitu! Mtoto wa shule ndiye aliyepiga kelele, "Mbele! Angalieni mbele!" Na kweli, zilikuwa mbele kabisa, ndege mbili nyembamba kama sindano, zinaelekea upande wa Kericho. Kabla hujaita jirani aje aone, zimekwisha.

Yule mtoto alijua jambo ambalo sisi wazee hatukulijua. Ndege kama ile ikienda kilomita 900 kwa saa, inakula mita 250 kila sekunde. Sauti nayo huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ndege ikiwa kilomita mbili kutoka kwako, sauti unayoisikia sasa iliiacha sekunde sita zilizopita, na ndege yenyewe imeshasonga kilomita moja na nusu. Ukifuata sauti unatazama mahali ilipokuwa.

Wacha niseme wazi: nilifurahi. Mwili ulisisimka, nikapunga kofia kama kijana wa darasa la nne. Na zile si ndege mpya. Ndege za kivita za Kenya ni zile ziitwazo F-5, za Marekani, na zilianza kuja hapa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi wenu mnaosoma haya hamkuwa mmezaliwa. Nyingine zilinunuliwa baadaye zikiwa mitumba, kutoka Yordani. (Ndiyo, Yordani ile ile, lakini usianze kuhubiri habari za Naamani.) Chuma kizee namna hiyo, na bado kinamfanya mtu mzima aruke ruke shambani.

Je, furaha ile ni dhambi? Wako watumishi watakaokuambia ni tamaa ya macho. Mimi sikubaliani nao. Fungua Ayubu 39, kuanzia mstari wa 19. Pale ni Mungu mwenyewe anayesema, anamweleza Ayubu habari za farasi wa vita: shingo yake, mlio wa pua zake, jinsi anavyoparapara ardhi na kukimbilia silaha bila woga. Siku zile farasi ndiye alikuwa ndege ya kivita. Na Mungu hamwelezi kwa kununa. Anamweleza kama fundi anayeonyesha kazi ya mikono yake. Kwa hiyo mtoto wako akikimbia nje kutazama ndege, usimchape.

Lakini siku ile kuna mtu ambaye hakukimbia nje. Tuna Kogo mmoja katika ushirika wetu, jina lake siliandiki. Alilelewa upande wa Nyandarua, baba yake akichunga ng'ombe wa mzungu. Ndege zilipopita, mjukuu wake alimkuta ameingia chini ya kitanda, ameshika miguu ya kitanda kwa mikono miwili. Nilipomtembelea jioni aliniambia maneno machache tu: "Zile za zamani zilikuwa na mlio mwingine, lakini tumbo langu halijui tofauti."

Vijana, hii ni historia ya nchi yenu. Kati ya 1953 na 1955, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi la anga la Uingereza lilipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kwa mabomu. Walianza na ndege ndogo zinazoitwa Harvard, ambazo ziliundwa kwa kufundishia marubani. Wakafungia mabomu madogo kwenye ndege za shule! Kisha zikaja Lincoln, kubwa, zenye injini nne, zikiangusha mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Mtoto aliyekuwa chini ya msitu ule alisikia ardhi ikitikisika usiku na mchana. Leo, ng'ambo, watu hulipa kiingilio kwenda kuona Harvard ikirushwa kwenye maonyesho ya ndege za zamani. Lancaster, ambayo ndiyo iliyozaa Lincoln, bado inaruka, moja Uingereza na moja Kanada, na watu wazima hulia kwa furaha wakiisikia. Sisemi wanakosea. Nasema Kogo wetu naye hakosei.

Sasa twende Dothani. Mfalme wa Shamu amemtafuta Elisha, ametuma farasi na magari ya vita usiku, na mji umezungukwa. Mtumishi wa Elisha anaamka asubuhi na mapema, anatoka nje, labda kwenda kunawa uso tu, na hapo ndipo anayaona. Hakuna aliyemwonya. Anarudi ndani mbio na swali moja: tufanyeje? Elisha anamwambia asiogope, kisha anaomba kijana afumbuliwe macho, na kijana anaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Hapa ndipo sisi Wapentekoste tunapopenda kusimama na kupiga makofi. Nasi tulipiga, ndipo mvua ikaja.

Endelea kusoma lakini. Yale magari ya moto hayakumchoma mtu hata mmoja. Angalia vizuri kuanzia mstari wa 18. Maadui wanapigwa upofu, Elisha anawaongoza kwa mkono mpaka Samaria, mfalme wa Israeli anauliza kwa hamu kama awaue, na Elisha anamkataza. Anaagiza wapewe chakula na maji. Mfalme anawaandalia karamu kubwa, wanakula, wanarudi kwao. Na Biblia inasema vikosi vile havikuja tena. Nguvu zote zile mlimani, na mwisho wake ni sufuria ya chakula. Mimi bado naishangaa hadithi hii.

Hata ndege hizi zetu zina hadithi ya namna hiyo. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali. Pale Nanyuki marubani walilazimishwa kwa bunduki kupanda ndege za kivita, F-5 zikiwemo, zimebeba mabomu, waende wapige Nairobi. Ikulu ilikuwa kwenye orodha. Marubani wakapaa kweli. Kule juu wakapatana, wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki. Fikiria waumini waliokuwa wakienda ibadani Nairobi asubuhi ile, wakitazama juu. Chuma hakikuwa na maoni. Kila kitu kilitegemea mtu aliyeshika usukani, na yeye alikuwa na bunduki nyuma yake.

Isaya 31 inasema jambo hilo hilo kuhusu farasi wa Misri: ni nyama, si roho. Hakuwatukana farasi. Alitaka watu wajue wanaegemea nini.

Na hapa nafika kwa jambo lililonifanya nichague somo hili mwezi huu. Oktoba ni mwezi wa bonasi. Majani ya mwaka mzima yanalipwa kwa siku moja, na kila mtu anajua. Juma lile la ndege, baba mmoja alikuja kwangu usiku. Kijana wake alikuwa amemaliza fomu foo, na tangu zile ndege zipite alikuwa hasemi jambo lingine ila kuwa mwanajeshi. Kumbe kuna mtu alikuwa amefika kwao na pikipiki, simu mbili mkononi, akidai ana nafasi jeshini ya kuuza. Bei ilikuwa bonasi yote, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa. Nikamuuliza mzee kama anajua tangazo la jeshi lenyewe husema uandikishaji ni bure. Akasema anajua. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Pasta, uliona vile alivyotazama juu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baba anayetaka kumnunulia mwanawe mbingu si mtu wa kukemewa. Tulikaa mpaka saa tano usiku. Tulisoma Kutoka 23:8, mahali Mungu anasema rushwa hupofusha macho ya wanaoona, na nikamwambia kwamba upofu huo hauchagui, humpata anayepokea na anayetoa. Alfajiri alinipigia simu kuwa hatalipa. Jirani yake alilipa. Ile namba ya dalali mpaka leo mteja hapatikani, na yule jirani sasa hununua maziwa dukani.

Kijana alienda uwanjani kama wenzake, akakimbia, akakaguliwa meno na nyayo, akaachwa. Alilia. Sasa anasomea umeme katika chuo cha ufundi, na Jumamosi huchuna majani na mama yake. Anasema atajaribu tena kabla umri haujapita. Tunamwombea. Tunawaombea pia mama wawili wa hapa ambao wana wao wamehudumu Somalia. Hao wanajua usiku mrefu ni nini, wala hawakurupuki kushangilia kila kinachonguruma.

Mwaka huu mtu mmoja aliniletea bahasha, ati niipake mafuta kabla hajaipeleka kwa dalali. Niliirudisha vile ilivyokuja. Asinielewe vibaya, karibu bado anywe chai kwangu.

Vijana mnaongojea uandikishaji, tukutane Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi. Njoo na kitambulisho na cheti cha KCSE, na mzazi mmoja akiweza. Kutakuwa na mzee wa ushirika aliyestaafu jeshini; atawaeleza mambo yanayokaguliwa, atawakimbiza kidogo kwenye barabara ya kiwandani, na baadaye mama wa jikoni watakuwa na uji.